Lugha Yako Mpya na Wivu Wangu

Mhoja mwanangu,

Umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na baba yako yuko barazani anafunga begi lako kwa kamba utadhani linasafiri peke yake bila wewe. Nimepata jioni yangu. Habari za kula, za kulala mapema na za kushika simu vizuri pale stendi, hizo atakuambia baba yako alfajiri, na atazirudia mpaka basi liondoke. Mimi nina neno moja tu, na si zuri sana. Ningekutumia kwenye simu ungelisoma umesimama, ukanijibu kwa kidole gumba. Ndiyo maana nimechukua karatasi.

Nina wivu.

Sioni wivu kwa sababu unaondoka. Watoto huondoka, nami niliondoka kwetu Magu nikiwa mdogo kuliko wewe. Wivu wangu ni juu ya Python. Na ukitaka niseme lote, namwonea wivu zaidi huyo Dada Zawadi wako wa Dar es Salaam, aliyekufundisha hiyo Python na ambaye sasa anakwenda kuwa bosi wako. Haya, cheka. Baba yako ameshacheka za kwake. Aliniambia, "Mama Mhoja, hivi kweli unagombana na lugha ya kompyuta? Lugha yenyewe haijui hata kukuamkia." Nikamjibu kwamba timu yake ya mpira nayo haijawahi kumwamkia, na ikifungwa hali chakula. Akarudi kwenye redio yake.

Wiki iliyopita ulinisimamisha mlangoni pa ofisi yangu pale Igoma, ukaniomba kitu kwa adabu zote nilizokufundisha. Ulisema, "Mama, naomba programu mpya ya mashine ya mpunga ya Mzee Bugali uitunze wewe nikishaondoka. Kazi ile unaijua kuliko mtu yeyote. Jifunze Python kidogo tu, mimi nitakuelekeza kwa simu." Nami nikakujibu mbele ya watu waliokuwa wanasubiri fotokopi: "Mimi sifui nguo za mke mwenzangu." Watu walicheka. Wewe hukucheka. Hujaniuliza tena tangu siku ile, na kesho unaondoka, na unadhani Mzee Bugali kule Magu hajui nani atakuja mashine yake ikikwama msimu wa mavuno. Jibu lako ninalo. Ila acha nilizunguke kwanza, maana nikilisema hivihivi utadhani nimekuwa mtu mwema ghafla.

Unajua kwamba nilianzia ofisi ya pamba hapa mjini, lakini sijawahi kukusimulia siku yenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuchapa majina ya wakulima, basi. Wasichana tulikuwa wa kuchapa, wanaume walikuwa wa kuiamuru kompyuta. Fundi wetu alikuwa Mzee Kishosha, mfupi, mkali, mtu wa kuvuta ugoro mpaka kibodi yake ilinuka. Siku moja nilimuuliza kwa nini majina tunayapanga kwa mkono wakati kompyuta inayajua yote. Aliniangalia, akanisogezea kiti chake. Akaniambia, "Kaa. Iambie wewe."

Nikaandika mstari mmoja wa FoxPro, lugha ya kompyuta ya siku zile, herufi baada ya herufi kama alivyonitajia. Majina yote ya wilaya nzima yakajipanga kuanzia A. Kazi iliyokuwa inatumalizia juma zima! Nikayavuruga, nikayapanga tena. Nikayavuruga tena. Niliendelea hivyo mpaka mlinzi akaja kufunga mlango, kwa raha tu, mwanangu, bila sababu nyingine. Hakuna aliyewahi kunitii namna ile katika maisha yangu. Nyumbani nilikuwa wa kutumwa maji, ofisini wa kutumwa chai, halafu kikatokea kitu ambacho nikisema hivi kinafanya hivi.

Basi nikapenda. Na akipenda, chongo huita kengeza. FoxPro ile ilikuwa na kioo cheusi na maandishi meupe, haina picha, haina rangi, haijui kipanya ni kitu gani. Nikasema huo ndio uzuri wake. Nilipoacha ofisi ya pamba na kufungua steshenari yangu, niliandika programu za zahanati, za maduka ya vyuma, za mashine za mpunga, zote kwa lugha hiyohiyo moja. Vijana wa vyuo walipokuja na lugha zao mpya wakaanza kuniita Mama Mbweha, kwa sababu fox kwa Kiingereza ndiyo mbweha. Nikalipenda na hilo jina pia.

Kisha zikaja kompyuta mpya ambazo hazitaki kabisa kufungua programu zangu. Ukibonyeza, inakujibu kwamba kitu hiki hakiwezekani hapa, kwaheri. Mtu mwenye akili angesema, lugha yangu imezeeka, nitafute nyingine. Unajua mama yako alifanya nini? Niliwaambia wateja kwamba kompyuta zao mpya ni mbovu. Nilisema hivyo uso mkavu. Wakanunua kompyuta nzima, mimi nikawaambia zirudisheni dukani. Halafu nikaanza kuzunguka kwa mafundi wa mjini kutafuta kompyuta kuukuu, zile zenye kioo kama tumbo la mjamzito, nikizibeba kwenye bajaji mpaka hapa Mkolani. Wewe ulilala chumba kimoja nazo. Baba yako alisema nyumba yake imegeuka makaburi, ila haya ya kwetu yanahitaji kufutwa vumbi kila Jumamosi. Sikuzihifadhi kwa kuwa zinafanya kazi vizuri. Nilizihifadhi kwa sababu siku ya mwisho wa kompyuta hizo ndiyo siku ya mwisho ya kutiiwa kwangu.

Ninakuambia haya kwa kuwa nimekusikia ukimcheka yule mwenzako anayeandika PHP, lugha mnayoiona ya kizamani. Ulikuwa sebuleni na wenzako, mnanywa soda zangu. Ulisema mtu mwenye akili timamu hawezi kuandika PHP leo. Yule kijana alitabasamu, akaangalia viatu vyake. Nilimjua yule. Huyo alikuwa mimi, nimevaa suruali tu.

Kwetu Magu tulikuwa na ugonjwa huo kabla ya kompyuta. Umesikia habari za Bagika na Bagalu, lakini nyinyi watoto wa mjini mnadhani ni ngoma za kuwachezea wageni. Sisi tulizaliwa nazo. Ukizaliwa kwa Mgalu wewe ni Mgalu, na Mgika ni mtu wa kusalimiwa kwa tahadhari. Mavuno yakiisha, vikundi viwili vinakutana uwanja mmoja, kila kimoja na manju wake wa kuongoza nyimbo na ngoma zake, vinacheza kwa wakati mmoja, mgongo kwa mgongo. Hakuna mwamuzi. Watu wenyewe ndio waamuzi: kundi linalovuta watazamaji wengi ndilo limeshinda. Kwa hiyo unachezea watu wasiondoke. Ukiona duara lako linapungua mtu mmojammoja, umekwisha, hata kama unacheza vizuri namna gani.

Babu yako alikuwa manju wa Bagalu. Mwaka mmoja Bagika walileta mtu mwenye chatu, chatu mkubwa wa kweli, akawa anacheza naye shingoni. Duara la baba likaanza kuyeyuka. Vijana waliondoka kwanza, halafu akina mama, halafu hata wazee waliokuwa wanamsifu. Tukabaki mama yangu, mashangazi zangu na sisi watoto wake. Baba hakuacha kuimba. Nami nilikuwa na umri wa miaka kama kumi, moyo wangu ulikuwa unaniuma kwa ajili yake, ninakuapia, lakini miguu yangu ilikuwa inataka chatu. Nikanyata. Nikapenya kati ya watu mpaka mbele. Nilipogeuka, niliona baba ameniona.

Nilijua nitachapwa. Tulirudi nyumbani, akanawa, akala, halafu akaniita. Akaniuliza, "Wamechezaje?"

Nikasema, "Vibaya, baba."

Nilidanganya. Walicheza vizuri mno. Na yeye alijua kwamba nimedanganya, akaniambia niende kulala. Sikumwelewa kwa miaka mingi kwa nini aliuliza. Nilidhani anataka kunitega. Sasa nadhani alitaka kujua kweli. Yeye alikuwa amewapa mgongo jioni nzima, hakuona hata hatua moja, na wivu ulikuwa unamla, na wivu una njaa ya habari. Hata mimi, ulipokuwa chumbani unaongea na Dada Zawadi kwenye laptopu, nilikuwa napita koridoni na ndoo isiyo na maji.

Nilianza kukuonea wivu pale Magu, siku ulipoifunga programu yako kwa Mzee Bugali. Kompyuta yangu ya mwisho pale kwake ilikuwa imekufa kifo cha kawaida, cha uzee, na nilikuwa sina nyingine ya kumpelekea. Wewe ukasema, "Mama, niachie mimi," nami nikakuachia nikijua utashindwa. Naam, nilijua, na nilitaka. Nilikaa kwenye benchi karibu na mizani nikisubiri ushindwe ili niinuke. Ukawasha. Mizani ikasoma gunia la kwanza, jina likatokea kwa rangi kwenye kioo, risiti ikatoka. Mzee Bugali akapiga makofi, akasema kwa sauti yake ile ya kushinda mashine, "Mama Mhoja, sasa pumzika! Kijana amekuja na ya kisasa!" Wapakiaji wake wote wakageuka kukutazama wewe. Nikatoka nje kwenye lundo la pumba, nikasimama huko nikijifanya napokea simu. Nilikuwa nalia. Nilikuwa nimejivunia wewe na nimekuchukia, yote mawili kwa pamoja, na sikujua mama anaruhusiwa kuwa na hilo la pili.

Halafu jioni ileile, tukiwa tumerudi nyumbani, Dada Zawadi akapiga simu ya video kukupongeza, ukaileta kwangu nimsalimie. Msichana mzuri, sikatai. Akaniamkia, "Shikamoo mama." Nikasema marahaba. Akasema, "Mama, umetulelea kijana vizuri sana."

Umetulelea! Kwani wao ndio walionituma? Nilikubeba mgongoni nikiandika programu ya zahanati, ukatapika kwenye kibodi ya watu. Nilikufundisha kuhesabu kwa magunia ya Mzee Bugali. Mstari wako wa kwanza wa programu uliuandika kwa FoxPro kwenye mapaja yangu, ulikuwa unaiambia kompyuta iandike "Mama nina njaa" mpaka ijaze kioo kizima. Na haya yote kumbe nilikuwa nayafanya kwa niaba ya ofisi ya Dada Zawadi. Nilimwambia asante mwanangu, karibu Mwanza, nikakurudishia simu, nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Najua hakukusudia ubaya. Ndivyo watu wanavyosema. Lakini wivu hausikilizi watu wanavyosema, unasikiliza unachotaka. Ndiyo maana ulipokuja na ombi lako mlangoni, lile jibu la mke mwenza lilikuwa limeshaiva siku nyingi, likatoka lenyewe.

Sasa nakuambia nilichofanya jana. Ulikuwa umeacha nakala ya programu yako kwenye kompyuta ya ofisini, ukiniambia nikipenda niitazame. Jana mchana nilifunga mlango wateja wakiwa bado nje, nikaifungua. Sikuifungua nijifunze. Niliifungua nitafute kosa. Nilitaka kosa moja tu, kubwa, la aibu, nikupigie simu ukiwa kwenye basi na kukuambia kwa upole: mwanangu, samahani, nimeona kitu. Nilikuwa nimeshapanga hata huo upole.

Kwanza nikakasirika kwamba naielewa. Nilitarajia nikutane na Kizungu kitupu, nikakuta mkulima, gunia, uzito, tarehe ya kuleta. Umeandika kwa maneno yaleyale niliyokuwa natumia mimi. Halafu nikakasirika kwa ile tabia ya lugha yenu ya nafasi. Kwangu mimi, kwenye FoxPro, ukifungua sharti la "ikiwa hivi, fanya vile" unalifunga kwa neno lake, kama mlango wa mtu mzima. Ninyi eti nafasi tupu mwanzoni mwa mstari ndiyo inasema nani yuko ndani na nani yuko nje. Nilijaribu kuongeza mstari mmoja wangu, nikazidisha nafasi moja, ikanigombeza kwa maandishi mekundu. Nikasema, lo, lugha nayo ina kiburi cha wenyewe.

Nikaendelea kuwinda. Nikafika mahali unapomtambua mkulima, na hapo nikajua nimekupata, kwa sababu mahali hapo ndipo mimi mwenyewe nilipoangukia.

Unakumbuka kisa cha mzee Kulwa Masanja? Ulikuwa mdogo, labda hukumbuki. Programu yangu ilimtambua mkulima kwa jina lake. Jina, basi. Mtu mzima anaandika programu Usukumani, mahali ambapo ukiita Kulwa sokoni wanageuka nusu ya soko, halafu anamtambua mtu kwa jina! Akija wa pili mwenye jina lilelile, nilikuwa nampachika namba mwishoni mwa jina. Siku moja mzee mmoja akaletewa risiti yake imeandikwa Kulwa Masanja 2. Alikuwa anajua kusoma. Akasimama katikati ya mashine akafoka, "Mimi Kulwa! Nilimtangulia Doto kutoka tumboni kwa mama, watu wote wanajua! Leo mashine inaniita wa pili? Wa pili kwa nani?" Mzee Bugali alimtuliza kwa soda na maneno. Magunia yake akayapakia, akayapeleka mashine nyingine, hakurudi.

Na mimi, mwanangu, nilisema nini? Nilisema tatizo ni wazazi, wanarudia majina. Mzee Bugali aliniomba nibadilishe, nikasema FoxPro ndivyo inavyofanya kazi. Huo ulikuwa uongo. FoxPro ingeweza kumtambua mtu kwa namna yoyote ambayo ningeiambia. Kosa lilikuwa langu, niliweka vile siku ya kwanza kwa haraka, na kwa kuwa lugha naipenda, nikaona kuligusa kosa lile ni kuitukana lugha. Nikajificha nyuma yake. Hiki ndicho kitu pekee ninachokijua kuhusu mapenzi ya namna hii ambacho labda Dada Zawadi bado hajakijua, maana lugha yake bado ni bibi harusi. Mtu haitetei lugha. Anajitetea mwenyewe, halafu anaiweka lugha mbele imkinge. Siku utakayojisikia kufoka kwamba Python ndivyo ilivyo, nyamaza kidogo, ujiulize ni kosa lako lipi umelifunika.

Nikashuka na mistari yako kidole kikiwa kwenye kioo. Nilijua utakuwa umefanya kama mimi, maana ulijifunzia kwangu. Hukufanya. Umemtambua mkulima kwa jina lake, na kijiji chake, na jina la mama yake.

Nilisoma mara kadhaa. Jina la mama yake. Hukuweka namba ya simu kama wanavyofanya vijana wote, kwa kuwa unajua wazee wa Magu wanatumia simu moja ukoo mzima. Ulienda ukakaa pale mizani ukawauliza mmojammoja, nami nilidhani unapiga soga. Kulwa Masanja wawili wanaweza kutoka kijiji kimoja, lakini mama zao hawawezi kuwa mtu mmoja. Umelitengeneza kosa langu, hukumwambia Mzee Bugali kwamba lilikuwa langu, na mimi hukuniambia kwamba umelitengeneza.

Chini yake kulikuwa na mkulima wa majaribio, yule tunayemweka kabla ya kuingiza watu wa kweli. Mimi sikuzote niliandika upuuzi tu, mkulima aaa wa kijiji cha bbb. Wewe umeandika Mhoja, wa Mkolani, mama yake Veronika.

Basi nikakaa pale natazama jina langu kwenye programu niliyokuja kuiua. Watu walikuwa wanagonga mlango wanataka fotokopi, sikufungua. Sikuona kosa hata moja, Mhoja. Nilitaka kuliona mpaka macho yakaniuma. Imechezwa vizuri mno, na safari hii nasema kweli.

Usidhani wivu umekwisha. Nilipomaliza kulia nilijiuliza, sijui Zawadi naye ameliona jina hili? Sijui alikuambia "hongera, wazo zuri" kabla mimi sijajua kwamba lipo? Nikaanza upya kukasirika. Ninakuambia ili ujue mama uliye naye. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi nimekuwa naisema methali hiyo kwa Python yenu kila nafasi niliyopata. Sijawahi kuisema kwa FoxPro yangu, na nayo ilikuwa mpya siku moja, na Mzee Kishosha naye alikuwa na lugha yake ya zamani kabla yake, ambayo sikumuuliza hata jina. Alinisogezea kiti, akaniambia kaa. Sijui siku ile moyoni mwake kulikuwa na nini. Leo ningependa nimuulize, lakini alishatangulia.

Itafika siku Python itakuwa ya wazee, ng'wanawane, mwanangu. Atakuja mtoto wako, au mtoto wa mtu, na kitu ambacho hukielewi, na watu wataondoka kwenye duara lako mmojammoja wakienda kumtazama yeye. Sina dawa ya siku hiyo ya kukupa. Itakuuma. Usiwaambie wateja kwamba kompyuta zao ni mbovu, hilo tu.

Sasa jibu lako. Leo mchana nimempigia Mzee Bugali, nimemwambia programu yake nitaitunza mimi. Amefurahi, akasema, "Kumbe bado hujapumzika?" Nikamwambia nitapumzika nikifa, na hata hapo aje kwanza ahakikishe.

Lakini sikubali kwa kuwa nimeipenda. Siipendi. Ile ya nafasi sitaisamehe. Nakubali kwa wivu uleule ulioniambia nikatae. Nimefikiri hivi: ukienda Dar utaandika kila siku, na utakachoandika kuna mtu atakisoma kila siku na kukuambia hapa vizuri, hapa umekosea. Mtu huyo atakujua namna ambayo baba yako na kwaya yako hawatakujua. Nilikuwa mtu huyo mimi peke yangu. Sikubali Zawadi awe ndiye pekee duniani anayeweza kukusoma.

Kwa hiyo nitajifunza hiyo lugha yako, kwa uchungu, na kwa miwani hii. Najua kuna siri za kazi, hata mimi simwonyeshi mtu mafaili ya zahanati. Basi andika chochote cha kwako mwenyewe, hata cha kuhesabu mayai. Na kabla hujampelekea yeye akikague, nitumie mimi kwanza. Sitaelewa yote. Nitumie hivyohivyo.

Mama yako